Walimu wa Kuazima

Mwalimu Kalinga alilelewa Iringa na mama ambaye, mgeni akipiga hodi mbele, viti vya jirani vinaingia kwa mlango wa nyuma. Vikombe vya jirani, mkeka wa jirani, safari nyingine hata jogoo. Mgeni alikula, akasifu, akaenda zake, na vitu vikarudi kwa wenyewe. Kwa malezi hayo Kalinga alikua akiamini kuwa kumwonyesha mgeni shida zako ni utovu wa adabu, karibu sawa na kumpokea bila suruali.

Sasa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali, nje kidogo ya Mbeya. Wanafunzi mia saba na arobaini, walimu watano, na yeye mwenyewe yumo humo kwenye watano. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto mia na hamsini na mwalimu mmoja, Anjela. Anjela huyohuyo ndiye mlezi wa wasichana, mfariji wa waliofiwa, msimamizi wa uji, na mtu pekee aliyejua nani anasinzia kwa njaa na nani kwa uvivu. Jumatatu alimfuata Kalinga ofisini.

"Mwalimu Mkuu, nisipopata mwenzangu muhula huu, naenda zangu Iringa kwa mume wangu. Nimechoka mpaka naota naita mahudhurio."

Kalinga aliogopa kwelikweli. Anjela akiondoka, yatabaki majengo tu.

Jumatano ujumbe ukaja: kesho afisa elimu kutoka halmashauri atatembelea shule. Mtu mwingine angesema, haya, ndiyo nafasi ya kulia shida. Kalinga alisema, "Mungu wangu, mgeni!" akatoka mbio kwenda kuazima.

Alhamisi saa tatu asubuhi hakuna darasa lililokosa mwalimu. Chiku, muuza khanga wa soko la Mwanjelwa mwenye watoto wawili pale shuleni, alipewa hisabati darasa la nne. Jailos, seremala, alipewa sayansi darasa la tano. Wazazi wengine watano wakagawana yaliyobaki.

"Mwalimu Mkuu," Anjela alinong'ona, "huyu si fundi aliyetutengenezea madawati?"

"Leo ni sayansi. Nyamaza."

Gari la halmashauri likafika na Bi Asmaa, afisa mwenyewe, vijana wawili wamekaa nyuma na magodoro mawili yamefungwa juu. Kalinga alidhani mama wa watu anahama nyumba, akampa pole ya kuhama.

Balaa ni kwamba walimu wa kuazima walifundisha vizuri. "Doti moja vipande viwili," Chiku alisema, khanga begani. "Doti saba?" Darasa zima likapaza, "Kumi na vinneee!" Jailos naye aliwaweka watoto chini na futi yake, wakapima kila dawati, wakabishana kwa raha. Bi Asmaa akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika, na Kalinga nyuma yake, kifua mbele.

Walipofika kwenye gari, Bi Asmaa alimpa mkono.

"Walimu kumi na wawili! Hongera sana, Mwalimu. Hawa vijana ni walimu wapya, nilitaka niwaache kwenye shule yenye shida kuliko zote. Basi nawapeleka shule ya ng'ambo ya mto."

Kalinga akayatazama yale magodoro.

"Mama, yule wa hisabati... anastaafu."

"Lini?"

"Saa nane mchana."

"Na yule mrefu wa sayansi?"

"Amefiwa."

"Na nani?"

"Bado hajaambiwa."

Chiku, aliyekuwa amesogea kusikiliza, akashindwa kuvumilia. "Mwalimu Mkuu, hebu sema tu! Mi sokoni nimeacha meza wazi."

Basi Kalinga akasema. Akasema yote, watano, mia saba na arobaini, Anjela. Aibu ilimchoma hasa, lakini hakusimama mpaka alipomaliza.

"Mficha uchi hazai, Mwalimu," Bi Asmaa alisema. "Barua ya onyo itakufikia. Ungenionyesha ukweli tangu asubuhi, hawa wote wawili wangekuwa wako. Sasa nakuachia mmoja. Wa pili anakwenda kwa mwenzako wa ng'ambo ya mto, aliyesema kweli." Akafungua faili. "Kwa hiyo watano, tunatoa mmoja. Maombi ya uhamisho ya Anjela yalifika ofisini juzi."

Kalinga hakuwa amejua kuwa Anjela ameshaandika. Akageuka kumtafuta kwa macho.

Anjela alikuwa mlangoni pa darasa la kwanza, ameshika watoto wawili, mmoja analia. Alikuwa anamtazama yule mwalimu mpya aliyeachwa, Eveline, akihangaika kufungua kamba za godoro.

"Usinitoe, mama," alimwambia Bi Asmaa. "Andika sita."

Eveline alishusha godoro, akauliza aliweke wapi.

"Liache hapohapo, mdogo wangu," Anjela akamwambia, akimkabidhi yule anayelia. "Njoo uwashike hawa, mie nikanywe chai."

Alikuwa hajanywa chai ya saa nne tangu Januari.