Ngamia wa Mkungu

Kiangazi cha mwaka wa hamsini na mbili, mkungu wetu Elpidius alituita barazani kijijini Ndama, sisi tunaokaa kando ya bonde la maji. Mkungu ndiye anayetuletea amri za wakubwa wa serikali, na tumbo lake humtangulia njiani. Akasema tuhamie kilimani kwenye ukavu, bonde linatakiwa kwa ng'ombe wa wakubwa.

Mimi nina kibanja pale. Katikati ya migomba nimemzika mke wangu, Kokugonza. Alikufa akingoja machela ya kumpeleka misheni, maana wabebaji wote walikuwa wameswagwa kubeba mizigo ya wakubwa haohao. Sasa wananiambia nimwache peke yake!

"Mnaogopa nini?" mkungu akasema. "Ngamia hukaa jangwani siku nyingi bila maji, mnyama wa heshima. Nyie mmeng'ang'ania matope kama vyura!"

Nikasimama. "Ngamia umemwona wapi?"

"Kwenye picha."

"Mimi nimemnywesha, kule kwa Wasomali, wakati wa vita. Kiu anavumilia, sikatai. Lakini akifika kisimani anamaliza madebe matano, na mtekaji ni wewe. Halafu anapigwa fimbo apige magoti, apakiwe mizigo ya wenyewe. Ndiyo maana mnampenda. Chura je? Jua likikaza anajifukia udongoni, anangoja mvua yake. Nani amewahi kumpakia chura mzigo?"

Watu wakacheka. Jirani yangu Kemilembe akapaza sauti: "Mwache, mzee, ngamia wa kwetu nundu iko mbele!"

"Rwezaura!" mkungu akanifokea. "Kesho nakuja kufyeka hiyo migomba."

Akaja kweli, na vijana wawili wenye mapanga.

"Shikamoo, mzee," wakasema, macho chini.

"Marahaba. Anzeni na huu. Kokugonza amelala hapa."

Kwetu panga haligusi mgomba wa kaburini. Anayeukata ameita msiba nyumbani kwake. Vijana wakaweka mapanga chini. Mkungu akawatukana mpaka mate yakamtoka. Nikaokota panga moja, nikamwelekezea mpini.

"Kata wewe basi. Amri si yako?"

Aliutazama ule mpini, mikono kaificha nyuma.

"Nitarudi na askari."

"Rudi nao. Ila waambie, wa kwanza kukatwa ni huuhuu, na wa kwanza kukata ni wewe."

Akaondoka. Mimi nikachukua jembe, nikaendelea kupalilia.