Stroberi za Makumbi

Mimi ni mwepesi wa hasira, na Kismayu nzima inalijua hilo. Kwa hiyo nilipofungua boksi la stroberi lililotoka Nairobi kwa ndege, nikakuta nusu yake imeota ukungu tena, nililipiga teke mbele ya wateja. Ndege ilichelewa, mzigo ukashinda juani. Nina kibanda cha juisi, na maharusi wa siku hizi hawataki embe wala papai. Wanataka ile nyekundu waliyoiona kwenye simu.

Mume wangu, Mansur, ambaye ni baharia, alinipigia kutoka safarini. "Tima," akasema kwa ule upole wake unaoniudhi, "Ramadhani ikifika na bado tunatupa matunda, tukifunge kibanda." Kibanda kile ndicho kitu pekee duniani kilicho changu. Nilikata simu.

Shoga yangu Hodan ndiye aliyeniletea miche ya stroberi, imeviringwa kitambaa kibichi ndani ya mkoba wake. Alisema nipande nyumbani, nichume mwenyewe, niachane na ndege. Muuzaji alimwambia miche inataka kivuli na udongo mwepesi. Udongo mwepesi niutoe wapi? Ua wetu ni mchanga na mawe ya matumbawe.

Mavyaa wangu, Bi Khamisa, mamake Mansur, alikuwa barazani akitusikiliza. Mansur alimleta kutoka kisiwa cha Koyama baada ya goti lake kukataa kupanda mashua, na tangu siku hiyo mkoba wake ulikaa nyuma ya mlango bila kufunguliwa. Mwenyewe Bi Khamisa alisema mjini hana kazi, atarudi kwao. Alikuja pia na gunia la makumbi ya nazi ya kusokotea kamba, na hilo ndilo alilolivuta mbele yangu.

"Tia haya," akasema. "Mepesi, na yaweka mai, hayakauki upesi."

Niliyachambua, nikajaza makopo ya maziwa, nikapanda. Hata mkono nilimbusu kwa shukrani.

Haikupita wiki majani yakaungua pembeni, kisha miche ikaanza kufa mmoja mmoja. Nikachukua uzi wa kumbi nikautia mdomoni. Chumvi tupu. Kwetu visiwani makumbi hufukiwa kwenye mashimo ya tope la bahari miezi na miezi, yaoze, ndipo yapigwe yatoe nyuzi za kamba. Mimi na Bi Khamisa tumekulia kando ya mashimo hayo, na hakuna kati yetu aliyekumbuka. Chumvi ile tumeizoea mno, hatuihisi tena.

Hayo nayasema leo. Siku ile nilisema mengine.

"Mama, umeniulia kibanda changu."

Asubuhi nilikuta mkoba wake umetoka nyuma ya mlango, uko barazani, naye ameshauliza majirani mashua ya Koyama inaondoka lini. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini mdomo wangu, mwepesi wa kurusha maneno, ni mzito wa kuomba radhi.

Nikaenda kung'oa miche iliyokufa, na hapo nikaona mmoja uko hai. Haukuwa hai tu. Ulikuwa umetoa mkono mrefu, mwembamba, na mwisho wa mkono kulikuwa na vijani vichanga. Kopo lake lilikuwa na makumbi yale yale.

"Mama, hebu tazama."

Alikuja akichechemea, akainama, akaugusa. "Huu mkaidi kama wewe," akasema. "Uwache uzae. Nami makumbi nitayaosha."

Aliyaosha kweli. Aliyaloweka kwenye maji ya mvua, akamwaga, akaloweka tena, akionja kwa ulimi mpaka aliporidhika. Mimi kila mkono wa ule mche mkaidi niliuelekeza kwenye kopo jipya, nikaubana kwa pini ya nywele mpaka ushike mizizi. Mtoto wa mche aliyeungua majani nilimng'oa. Aliyevumilia jua letu nilimwongezea makopo. Maua yalipotoka, Bi Khamisa alisokota kamba, akaniagiza nitundike makopo yote chini ya makuti ya baraza, matunda yaning'inie hewani, yasilalie maji wala kufikiwa na siafu. Mkoba ulirudi nyuma ya mlango, lakini haukufunguliwa.

Tunda la kwanza liliiva siku chache kabla ya Shaabani. Nilimpelekea Mansur picha. Akajibu kwamba anakuja na makopo matupu ya jikoni melini, nisiruhusu mtu yeyote kuyazuia bandarini. Hayo si maneno ya anayetaka kufunga kibanda. Nililia kidogo.

Hodan alitaka tulikate tulionje pamoja. Kwetu cha kwanza cha chochote ni cha mkubwa wa nyumba, basi nililiweka kwenye sahani, nikampelekea Bi Khamisa.

"Mama, nisamehe."

Alilitafuna polepole. "Ndilo hili ulilonitukania?"

"Ndilo."

"Tamu," akasema, kana kwamba imemuuma kukiri. Akayatazama yale mengine, mabichi, yakining'inia kwenye kamba zake. "Na haya yataiva lini?"

"Ramadhani, inshallah."

Alijikongoja hadi nyuma ya mlango, akauvuta mkoba wake, akaniuliza kabatini nguo zake atie upande gani.