Kilicho Nyuma ya Jicho

"Imechungulia tena," daktari alisema, akizima tochi.

Kinyozi hakuuliza ni nini. Tangu jicho lake la kushoto litolewe kwa sababu ya uvimbe, alishawekewa gololi mbili za kujaza shimo na kulishikilia jicho la bandia kwa mbele. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, laini kama za watoto, nayo ikatoka yenyewe siku moja akipiga mswaki. Hii ya pili ilikuwa na vitundu vitundu kama jiwe la kusugulia miguu, ili nyama iote ndani yake na kuikamata. Nyama ilianza vizuri, kisha ikasusa, ikaiacha gololi wazi.

"Niachie shimo langu, daktari. Nimechoka kupasuliwa."

Na kweli alikuwa amechoka, uchovu usioisha kwa kulala. Lakini kibandani kwake viti vilikuwa vitupu. Mtu aliketi, akamwona kwenye kioo kinyozi mwenye kitambaa usoni ameshika wembe, mara akakumbuka ana safari. Hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda, na kuikosa hiyo kulimuuma kuliko kidonda.

"Imebaki njia moja," daktari alisema. "Tunakata kipande cha mafuta na ngozi yake kutoka kwako mwenyewe. Makalioni. Hicho mwili unakijua. Ila ukinenepa sana, nacho kitajaa, na ukikonda kitadidimia."

Mke wa kinyozi, aliyekaa pembeni tangu waingie, aliguna.

"Kwa hiyo nikimlaza njaa, jicho litanishtaki kwa watu?"

"Litakushtaki, mama."

Kinyozi alitaka kukasirika, akajikuta anacheka.

"Haya basi. Nipasueni."

Kidonda cha usoni kilipona polepole, na cha kule kwingine polepole zaidi, hata akawa anakula amesimama. Hatimaye akavalishwa jicho jipya la bandia. Rangi ilikaribia ya mwenzake, ila lilisogea kidogo tu, tena kwa kuchelewa. Akafungua kibanda na kufagia mahali ambapo hapakuwa na nywele.

Aliyeingia kwanza alikuwa seremala, mteja wa zamani aliyekuwa amehamia kwa wengine. Aliketi, akafungwa shuka shingoni, akamtazama kinyozi kwenye kioo bila kupepesa.

"Safari hii wamekuwekea nini humo?"

Kinyozi alifikiria kutaja kitu cha kigeni, chenye jina refu. Hakuwa na nguvu za kudanganya.

"Mafuta yangu mwenyewe."

"Ya wapi?"

"Ya hapo unapokalia."

Seremala aliangua kicheko, mabega yakamtikisika, shuka likamporomoka. Kinyozi aliinua wembe juu, mbali naye, akasubiri. Kicheko kikapungua, kikarudi, kikaisha. Seremala akajifuta machozi kwa kiganja, akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho na kuinua kidevu, koo lote likiwa wazi.