Ungamo la Kesho

Mama Euphrasie alipomtaja Kalume, watu waliopiga magoti karibu naye walisogea kando kama wanaokwepa siafu. Hakuna aliyewaamuru kusogea.

"Ninaona muntu anatutia mikononi mwa serikali," alisema Mama Euphrasie, macho ameyafumba. "Mikono yake inanuka ngozi ya mbuzi. Njo weye, ni weye Kalume."

Walikuwa wakisali mchana, ndani ya banda la kukamulia mawese huko Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka mjini Kindu. Usiku vijana wa chama tawala walizunguka mitaani, lakini mchana kelele za mtambo ziliweza kufunika sauti za waombaji. Serikali ilikuwa imefunga makanisa madogo yote yasiyo na kibali cha Kinshasa, na kikundi cha nabii Mama Euphrasie hakikuwa na kibali. Aliyekamatwa akisali namna hiyo alipelekwa gerezani, na si wote waliorudi.

Kalume alikuwa mpiga ngoma. Chama kilimwita kiwanjani kila kilipotaka wananchi wacheze na kuimba sifa za Kiongozi wa nchi. Haikuwa kazi ya kuchagua, kama vile kufyeka barabara hakukuwa kwa kuchagua. Hata hivyo watu wa kikundi waliitazama mikono yake kwa mashaka, tangu kabla nabii hajasema lolote.

Desturi yao ilikuwa hii: nabii akitaja dhambi ya mtu, mtu huyo husimama na kuiungama mbele ya wote, kisha huwekewa mikono. Akikataa, maombi ya nyumba yake yanafungwa. Hakuna atakayemwombea yeye, wala mkewe, wala mtoto, mpaka aungame. Desturi hiyo iliwekwa kwa ajili ya wezi na wazinzi, watu ambao dhambi yao imekwisha kupita. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja nabii angeona dhambi iliyo mbele.

Kalume alicheka. "Mama, ninapigia chama ngoma kwa sababu nikikataa watanipiga miye. Tangu lini muntu anaungama kitu hajafanya?"

"Utafanya," alijibu Nestor.

Nestor zamani alikuwa katekista wa misheni, kabla ya kugombana na mapadri. Mama Euphrasie aliona. Nestor ndiye aliyewaeleza watu maana ya alichokiona.

"Ni Mungu njo anataka nifanye?"

"Mungu hataki. Mungu anajua. Ni vitu viwili. Muntu akisimama juu ya ukingo, anaona pirogi inaenda kugonga mwamba. Macho yake hayasukumi pirogi. Mwenye kasia njo anagonga."

Kalume alifikiri kidogo, maana jambo hilo lilikuwa na akili ndani yake.

"Kweli, Mwalimu. Lakini yule wa juu akipiga kelele, na mwenye kasia akasikia, si atageuza? Sasa miye nimesikia. Nimekwisha kugeuza. Mama aliona nini basi?"

Mtu mmoja alikohoa. Mama Euphrasie alibaki amefumba macho.

"Uko na mdomo sawa na wa wakili," alisema Nestor. "Hata Shetani ni wakili."

"Basi anisaidie, maana humu ninaona mahakimu tu."

Walimfungulia mlango, akatoka.

Angeweza kuachana nao siku ile na asipoteze kitu, kama si mkewe, Clémentine. Alikuwa amelala nyumbani na homa tangu mimba ilipoharibika, na tumbo lilikuwa limevimba. Hospitali ilikuwa ng'ambo, mwendo mfupi ukishavuka mto. Lakini Clémentine alikuwa ameapa mbele ya kikundi kwamba hatagusa dawa yoyote, ya daktari wala ya mitishamba, bali atangoja mikono ya waombaji peke yake. Sasa waombaji hao hawangekuja tena katika nyumba hiyo.

Kalume alimsimulia yaliyotokea. Clémentine alisikiliza akitazama ukuta.

"Ungama," alisema.

"Niungame uongo?"

"Kama Mama ameona, si uongo."

"Na kama hakuona?"

"Basi ni maneno tu. Maneno yatakuuma wapi? Miye njo ninaumwa, Kalume."

"Nitakubeba mpaka mtoni. Leo hii. Tutavuka, daktari atakuona."

"Ukinibeba kwa nguvu utabeba maiti, sitameza kitu chao. Niliapa kwa hiari yangu, hakuna aliyenishika mkono." Alipumua kwa shida. "Na weye, ungama kwa hiari yako."

Jirani yao alikuwa Bulaimu, mshonaji, Mwislamu wa zile familia za zamani zilizofika Maniema pamoja na wafanyabiashara wa pwani. Kalume alimkuta barazani akikanyaga cherehani, akamweleza yote bila kutaja majina ya watu.

"Kwetu tunasema imeandikwa," alisema Bulaimu. "Kila kitu. Hata uzi huu utakatika wapi."

"Basi hata usaliti wangu umeandikwa, mzee."

"Labda. Lakini nani ameusoma? Miye ninaswali tangu mutoto mpaka meno yameanza kung'oka, sijaonyeshwa hata ukurasa moja. Huyo mama nabii wako alisomea wapi?"

"Akili yangu inasema hivyo hivyo. Lakini mgonjwa hasikii akili."

"Basi mubebe kwa nguvu. Atakuchukia akiwa muzima. Wanawake wangapi wanachukia wanaume wao na wanakula vizuri!"

Kalume alirudi nyumbani na nia ya kufanya hivyo. Alipitisha mikono chini ya mgongo wa mkewe. Clémentine hakupiga kelele. Alishika tu mti wa kitanda, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeibiwa. Kalume alimlaza tena taratibu. Aliona kwamba naye alikuwa anataka kumwamulia mtu mwingine kesho yake, kama walivyomwamulia yeye. Huenda alikosea. Mtu aliyemjali zaidi mke kuliko haki angembeba.

Siku iliyofuata alikwenda kwenye banda akasimama katikati.

"Nitaungama," alisema. "Kwamba nitawatia mikononi mwa serikali."

"Si hivyo," alisema Nestor. "Hatujui kusamehe kitu cha kesho. Sema kama kimekwisha kufanyika."

Kalume alitazama sakafu nyeusi ya mafuta. "Miye Kalume nimewatia ndugu zangu mikononi mwa serikali."

Wanawake walilia kama katika matanga. Walijua vema kwamba hakuna aliyesalitiwa, kwa maana wote walikuwa pale. Lakini neno lilikuwa limetamkwa, na neno likitamkwa linatisha kuliko jambo lenyewe. Walilia kwa sauti kubwa hata mtambo wa mawese haukuweza kuwafunika, na watu waliokuwa wakipita njiani walisimama kusikiliza.

Waombaji walikwenda nyumbani kwake, wakamwekea Clémentine mikono. Jioni hiyo aliketi, akanywa uji wa mchele, akamwambia mumewe, "Unaona?" Kulipopambazuka alikuwa amekufa.

Kikundi hakikuja mazishini. Nestor alituma neno: Kalume aliungama kwa mdomo tu, si kwa moyo, ndiyo sababu mkewe amekufa. Bulaimu na watu wa msikiti wake ndio waliochimba kaburi la Mkristo huyo na kulifukia.

Udongo haujakauka, kiongozi wa chama wa mtaa akamwita Kalume ofisini. Alikuwa mtu mnene, mwenye kucheka ovyo na kumwita kila mtu sitwaye, yaani mwananchi, na pembeni yake alisimama askari.

"Sitwaye Kalume. Watu walilia kwenye banda la mawese. Nani alikufa pale?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi walilia nini? Mawese yalimwagika?" Askari alicheka. Kiongozi aliacha kutabasamu. "Wanasali pale. Nitajie watu, urudi kwenye ngoma yako. Pole kwa mke wako. Wale njo walimuua, si sisi. Unawafichia nini?"

Hapo Kalume alipata jaribu ambalo hakulitegemea. Kipigo alikuwa amekitegemea, na hasira dhidi ya Nestor alikuwa amekuja nayo. Lakini sasa aliona jambo jingine: akiwataja, Mama Euphrasie atakuwa nabii wa kweli. Clémentine atakuwa amemwamini nabii wa kweli, na kufa kwake kutakuwa na maana fulani, hata kama ni maana chungu. Asipowataja, basi mkewe alikufa kwa ajili ya ndoto ya mwanamke aliyefumba macho. Kila jina aliloweza kulitamka lilikuwa kama jiwe la kujengea kaburi zuri la mkewe. Na hakuna aliyemshika ulimi, kwa hiyo angeweza kusema au kunyamaza.

"Nilikuwa pale peke yangu," alisema.

"Peke yako, ukalia kwa sauti ya wanawake kumi?"

"Nilikuwa na huzuni nyingi, sitwaye."

Walimvunja vidole vya mikono yote miwili juu ya meza ya ofisini. Baada ya kila kidole kiongozi aliuliza tena. Kisha walimvusha hadi gerezani Kindu, akakaa humo mpaka sikukuu moja ya chama ambapo wafungwa kadhaa walifunguliwa. Banda la mawese halikuvamiwa, maana kikundi kilikuwa kimehama, na bila majina chama hakikujua wa kumtafuta. Hakuna hata mtu mmoja wa kikundi aliyeguswa.

Hakuweza tena kupiga ngoma. Alikwenda kulima mpunga kwenye njia ya Kailo, akishika jembe kwa viganja, vidole vikiwa vimepinda kama mizizi. Msimu wa kuvuna, katika shamba lililoachwa karibu na lake, aliwakuta. Walikuwa wamepiga magoti kati ya mashina, Mama Euphrasie mbele yao, amezeeka sana. Walipomwona waliinuka na kutawanyika, wanawake wakikusanya vitambaa vyao. Nestor tu ndiye aliyebaki.

"Mwalimu," alisema Kalume, akamwonyesha mikono. "Waliniuliza majina yenu. Sikusema."

"Tumesikia. Mungu akulipe." Nestor aliitazama ile mikono, kisha akatazama kando. "Lakini bado uko hai, ndugu yangu. Mama hakusema ni siku gani."

"Mpaka lini basi?"

"Utakapokufa njo tutajua."

"Na mpaka hapo mtakimbia kila mkiniona?"

"Tumehama mara nyingi kwa sababu yako. Wazee wanachoka, kuna waliokufa njiani." Sauti ya Nestor haikuwa na ukali, ilikuwa karibu na upole, na hilo ndilo lililomtisha Kalume. "Tunakuombea kila siku."

"Mnaniombea nini?"

"Kwamba ukifanya, ufanye upesi."

Nestor alimwekea mkono begani, kama anavyowekewa mgonjwa, kisha akafuata wenzake kwenye kichaka. Kalume alirudi shambani kwake, akainama na kuendelea kukata mpunga, akiyashika masuke kwa viganja, maana mvua ilikuwa karibu na hakuwa na mtu wa kumsaidia.