Jagi Lenye Kamba Nyekundu

Shemeji yangu Salvatory hakuja Guangzhou kukusanya vyombo vya Wajerumani. Alikuja kununua nguo, kama sisi wote; ugonjwa ulimpata baadaye. Chumbani kwake mtaa wa Xiaobei kuna majagi kumi na moja ya udongo, ya miaka ya sitini, rangi zake zinang'aa na kuvimba kama uji uliofurika ukaganda. Yeye mwenyewe analala kiubavu.

La kumi na mbili, la rangi ya chungwa, amelisaka miaka minne mpaka juzi alipolipata. Ni pacha wa lile ambalo masista wa misheni walimpa mama yake huko Kibosho. Salvatory alilivunja kwa mpira akiwa darasa la nne, akamsingizia mbuzi. Mbuzi akaliwa. Sasa Jumapili anarudi nyumbani, na anataka jagi liwe mezani kwa mama kabla mzee huyo hajafunga macho.

Akalipeleka kwa Mama Chen, muuza vyombo nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, alifunge vizuri kwa safari. Akaliacha, akaacha na namba ya simu, huyo akaenda zake. Jamani, mtu ana miaka tisa mjini hapa! Ukiacha kitu kimoja na namba ya simu, umeacha sampuli. Umeagiza mzigo mzima.

Ijumaa tulikuta majagi arobaini yamejipanga sakafuni, chungwa tupu. Hata ufa mdogo wa mdomoni walikuwa wameuiga.

"Shemeji, nimekwisha," Salvatory akasema.

"Si unajisifu unamjua Mjerumani hata gizani? Haya, fumba macho."

Akafumba kweli. Akapapasa, akagonga kwa ukucha, akanusa. Alipofika la ishirini na saba akalikumbatia, machozi yakamtoka.

"Huyu hapa! Sikia sauti yake. Huyu ameteseka."

Mama Chen akamtazama kwa huruma, akainama, akatoa chini ya meza jagi lililofungwa kamba nyekundu shingoni.

"Sampuli haichanganywi na mzigo, bosi."

Salvatory akalipokea. Yaliyobaki nikayabeba mimi. Harusi za Moshi hazikosi meza za kupamba. Lakini la ishirini na saba alikataa kuliachia.

"Na hilo la nini?"

"La akiba, shemeji. Mama ameshanunua mbuzi mwingine."