Kichwa cha Mistari Mitano

Nilikuwa mbeba mizigo pale bandari ya Montevideo, mgongo ukanigomea. Ndipo doña Nélida, mchoraji wa mtaani kwetu, akaniambia njoo nikuchore, kazi yako kukaa tu. Kukaa nani hajui? Basi kila asubuhi nakaa dirishani kwake, tunapokezana kibuyu cha mate, yale majani machungu ya kwetu tunayoyanywa kwa mrija kama chai, yeye ananichora kichwa kwa mkaa.

Siku ya kwanza alinichora mzima, mpaka kovu la sikio. Kesho yake karatasi nyingine, nywele hakuna. Kesho kutwa masikio hakuna. Nikamwambia, "Doña, unanichora au unaninyoa?" Akasema anatafuta kichwa kinachobaki ukishatoa vyote visivyo na kazi. Wiki ya tatu ikabaki mistari mitano: paji na pua mmoja, taya, shingo, na macho mawili.

Akaja Ubaldo, mwoka mikate wa mtaani. Akaitazama ile karatasi, akavua kofia. "Huyu si marehemu baba?"

"Baba yako alikuwa mzuri hivyo?" nikamtania.

Hakucheka. Kesho yake dobi akamwona dada yake aliyezama mtoni. Ikawa kila anayeingia anamwona marehemu wake. Mimi naona mistari tu.

Sasa mke wangu, Zulma, yeye hakuwa amefiwa na mtu. Wazazi wazima, ndugu wazima, hata bibi yake anatafuna nyama. Nikaogopa atamwona nani, nikamkataza asikanyage pale. Akaja, na sufuria ya dengu. Nikasimama mbele ya karatasi.

"Sogea, Baba Rubén. Umeficha mwanamke uchi?"

Akanisukuma. Akatazama, mkono ukamshuka na sufuria yake.

"Mbona ni wewe," akasema, polepole, kama watu wanavyoongea msibani.

Nikamwambia doña, nirudishie mstari mmoja, hata kovu langu tu.

"Ukiongeza mmoja kinakufa, Líber."

"Bora kife chenyewe."

Nikanyakua mkaa, nikachora sikio langu pale, baya kama mguu wa kuku. Zulma akakodoa macho. "Huyu sasa simjui." Nikapumua.

Doña Nélida hakunigombeza. Alipiga magoti, akawa anafuta lile sikio kwa kidole, anafuta, na mkaa unazidi kutapakaa. "Nacho," anaita. "Nacho." Ndilo jina la mwanawe, aliyekufa kwa homa ana miaka saba. Kumbe siku zote zile alikuwa naye mle ndani ya mistari, na hakutuambia.

Nikampa kibuyu. Akasema asante. Na kwetu ukisema asante juu ya mate, umetosheka, hupewi tena. Hakuniita tena kukaa.

Nikaishi, kama mnavyoniona wajukuu zangu. Zulma ndiye aliyetangulia, mwaka juzi. Sasa kila asubuhi nachukua karatasi iliyofungia mkate, nachora. Paji na pua. Taya. Shingo. Jicho, na jicho. Natazama sana, namtafuta. Naona mistari tu, halafu mkono wenyewe unakwenda pale pembeni, unachora sikio.