Kimea Juu ya Paa

Mvua ya Januari ilinyesha mara ya tatu, darasa langu likavuja mara ya tatu, na Mzee Kalinga akapanda tena juu na karai la udongo. Nyumba ilikuwa yake, tembe la Kihehe, fupi, lenye paa bapa la udongo juu ya magogo. Chumba kimoja alitupa tusomee, wasichana kumi na mmoja na mimi mwalimu wao. Mkaguzi wa shule alikwisha sema: Ijumaa akikuta tope, darasa lifungwe. Watatu kati ya wasichana walikuwa wamechumbiwa. Wangerudi nyumbani, nisingewaona tena.

Jumatatu mjomba wangu Asukile alifika kutoka Tukuyu, ambako nyumba ni za mianzi, na mapaa yake ya nyasi yamechongoka. Alilitazama tembe akauliza kwa nini limelala chali.

"Za kwenu zimesimama kama zimekasirika," Mzee Kalinga akamjibu.

Wakabishana siku tatu namna ya kuziba paa. Mjomba alikata nyasi, mzee akachimba udongo, na hakuna aliyekubali kugusa paa maadamu vitu vya mwenzake vipo uani. Kila mmoja aliniita niamue. Nami, niliyelelewa kutowajibu wakubwa, niliwaitikia "ndiyo" wote wawili, kisha nikarudi ndani kukinga matone kwa sufuria.

Jumatano nilichoka. Nilikunja sketi nikapanda ngazi. Juu palikuwa na mkeka ulioanikwa kimea, nafaka iliyooteshwa, cha pombe ya Mama Paskalina, mke wa mzee, na kuku saba wakifukua punje zilizomwagika. Pale pale juu ya ubao wangu wa darasani walikuwa wamechimba shimo la kutosha kuingia chungu.

Nilishuka nikawaita wote wawili. "Wazee wangu, si udongo wala si nyasi. Ni kuku."

Mzee alisema kuku wamekuwa wakipanda pale tangu enzi za baba yake.

"Basi chagua, mzee. Kimea kishuke leo, au wasichana waondoke Ijumaa."

Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa na kinu. Lakini Mama Paskalina alikuwa mlangoni, na hakumngoja mumewe. Alipanda akauteremsha mkeka. Wanaume wakaziba shimo pamoja, mjomba akilalamika kwamba udongo ule ni mkavu mno.

Ijumaa mvua ilimtangulia mkaguzi. Alisimama mbele ya ubao, akatazama juu muda mrefu, akapapasa sakafu kavu kwa kiatu. Kisha akavuta kigoda, akamwambia Apolonia, mmoja wa wasichana wangu, asome.